Masharti ya Somo la Kiingereza katika Mwaka wa Mwisho wa Shule za Marekani: Asili Yake na Maana Yake

Kila mwaka, shule za Marekani zifunguliwapo mwezi wa Agosti au Septemba, mwanafunzi aingiaye darasa la kumi na mbili hupewa waraka na mwalimu wake wa Kiingereza. Waraka huo waeleza vitabu vitakavyosomwa, insha zitakazoandikwa, jinsi alama zitakavyotolewa, adhabu ya mwenye kuchelewesha kazi, mahudhurio yanayotakiwa, na hukumu ya mwenye kuiba maneno ya mwenziwe. Mara nyingi mzazi hutakiwa kutia sahihi yake chini, na karatasi hurudishwa kwa mwalimu.

Mtu aisomaye karatasi hiyo kwa mara ya kwanza aweza kudhani ya kuwa mwalimu ameitunga mwenyewe jana usiku, kama apendavyo. Sivyo. Karibu kila sharti lililomo lina historia yake, na mengine yaliwekwa na watu wasiokuwa walimu wa shule hizo, kwa haja isiyokuwa ya watoto hao. Katika makala haya twataka kufuata asili ya masharti hayo moja moja. Tuna sababu ya kufanya hivyo: kanuni huishi zaidi ya haja iliyoizaa, na mwalimu asiyejua haja hiyo hawezi kupambanua kanuni ipi ailinde na ipi aiache.

I. Majina

Tuanze na majina, maana jina mara nyingi huhifadhi yaliyosahauliwa.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huitwa kwa Kiingereza *senior*. Neno hili ni la Kilatini, na maana yake ni "aliye mkubwa kwa umri," litokalo katika neno *senex*, yaani mzee. Basi mtoto wa miaka kumi na saba aitwa mzee wa shule. Jambo hili halitakuwa geni kwa wasomaji wetu wanaojua desturi za marika: aliye katika rika la mwisho hutazamiwa kuwaongoza wadogo, na yeye mwenyewe yu karibu kutoka. Kwa hiyo mwaka huo una hali mbili kwa pamoja, heshima na mtihani.

Waraka wenyewe huitwa *syllabus*, na neno hili lilizaliwa na kosa. Cicero, Mrumi, katika barua zake kwa rafiki yake Atticus, alitaja vipande vya ngozi vilivyobandikwa kwenye vitabu vya kukunja ili kuonyesha jina la kitabu. Jina la kipande hicho lilikuwa *sittyba*, neno la Kiyunani. Katika karne ya 15, barua hizo zilipopigwa chapa, neno hilo likaandikwa vibaya, na kosa likashika mizizi hata likawa neno la haki katika lugha nyingi. Ni ajabu kidogo kwamba karatasi inayomkataza mtoto kukosea maendelezo ya maneno yaitwa kwa neno lililokosewa kuendelezwa.

La tatu ni *plagiarism*, yaani wizi wa maandiko. Katika Kilatini, *plagiarius* alikuwa mwizi wa watu, amwibaye mtumwa wa mwingine au amtiaye utumwani mtu huru. Mshairi Martial, katika karne ya kwanza, alilitumia neno hilo kumsuta mtu aliyesoma mashairi yake mbele za watu kana kwamba ni yake mwenyewe. Aliyaona mashairi yake kama watu wa nyumbani mwake waliotekwa. Washairi wetu wa pwani walikuwa na kinga yao: wengi waliotunga tenzi walijitaja kwa jina na nasaba katika beti za mwisho, ili asitokee mwingine kudai kuwa ni zake.

II. Mlango wa Harvard

Shule ya Kilatini ya Boston ilifunguliwa mwaka wa 1635, na chuo cha Harvard mwaka wa 1636. Kwa muda wa zaidi ya karne mbili, kijana aliyetaka kuingia chuoni alitahiniwa hasa katika Kilatini, Kiyunani, na hesabu. Kiingereza kilikuwa lugha ya nyumbani, na watu hawakuona haja ya kumtahini mtu katika lugha aliyonyonya kwa mama yake. Mwaka wa 1821 mji wa Boston ulifungua shule ya wavulana wasiokusudia kwenda chuoni, wana wa wafanya biashara na mafundi, na huko masomo yalikuwa ya Kiingereza. Basi kwa asili, shule ya Kiingereza ilikuwa shule ya yule ambaye mlango wa chuo haukumhusu.

Mambo yakageuka alipotawazwa Charles William Eliot kuwa mkuu wa Harvard mwaka wa 1869. Yeye aliona ni aibu kijana ajue kufasiri Kilatini, na asijue kuandika barua safi kwa lugha yake mwenyewe. Mwaka wa 1874 chuo kikaanza kumtaka kila aombaye kuingia aandike insha fupi ya Kiingereza, iliyo sahihi katika maendelezo, vituo, sarufi na usemi. Habari za insha zilitolewa katika vitabu vilivyotangazwa mbele. Katika orodha ya mwaka ule mlikuwa na tamthilia tatu za Shakespeare, *The Tempest*, *Julius Caesar* na *The Merchant of Venice*. Kitabu cha Goldsmith kiitwacho *The Vicar of Wakefield*. Na viwili vya Walter Scott, *Ivanhoe* na *The Lay of the Last Minstrel*.

Twaomba msomaji aitazame tena orodha hiyo. Tamthilia zote tatu zimekwisha kutiwa katika Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere alifasiri *Julius Caesar* na kuitoa mwaka wa 1963, kisha *Mabepari wa Venisi* mwaka wa 1969, na S. S. Mushi akatoa *Tufani* mwaka huo huo wa 1969. Kwa hiyo Mswahili asiyejua neno moja la Kiingereza aweza leo kusoma tamthilia zote zilizomtisha kijana wa Boston mwaka wa 1874. Ila yeye husoma kwa hiari yake, na yule alisoma ili afunguliwe mlango.

Matokeo ya mitihani hiyo yalikuwa mabaya. Adams Sherman Hill, aliyekuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuwa mwalimu wa Harvard, alieleza kwamba mwaka wa 1879 karibu nusu ya waliotahiniwa walishindwa. Hao walikuwa vijana waliosomeshwa katika shule zilizosifiwa. Chuo hakikulaumu mtihani, wala hakikujilaumu chenyewe, kililaumu shule. Nazo shule, kwa kuogopa aibu, zikaanza kufundisha yale yaliyotahiniwa. Hapo ndipo lilipozaliwa sharti la kwanza la waraka wetu: soma vitabu hivi, kisha andika insha juu yake.

III. Orodha

Vyuo vingine vikafuata, kila kimoja na orodha yake. Mwalimu mwenye wanafunzi waliokusudia vyuo vitatu alijikuta na orodha tatu za kufundisha katika chumba kimoja. Ili kuondoa taabu hiyo, mwaka wa 1894 ulifanyika mkutano wa kupatanisha masharti ya kuingia vyuoni katika Kiingereza. Orodha ikawa moja, nayo ikagawanywa sehemu mbili: vitabu vya kusomwa kwa uangalifu mwingi, neno kwa neno, na vitabu vya kusomwa kwa jumla. Tangu hapo *Macbeth*, *Silas Marner* cha George Eliot, na hotuba ya Edmund Burke ya mwaka wa 1775 juu ya kupatana na makoloni ya Marekani, vikawa chakula cha kila siku cha shule nyingi.

Wakati uo huo Chama cha Elimu cha Taifa kilikuwa kimeweka mwaka wa 1892 kamati iliyojulikana kwa jina la Kamati ya Watu Kumi, na Eliot ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Wataalamu wa Kiingereza walioitwa na kamati hiyo walikutana katika chuo cha Vassar. Walisema kwamba Kiingereza kina makusudi mawili: kumwezesha mtoto kufahamu mawazo ya wengine na kueleza yake mwenyewe, na kumtia ladha ya kusoma vitabu vyema. Wakashauri somo hilo lifundishwe katika miaka yote minne ya shule ya sekondari. Tena wakasema neno ambalo twaliona kuwa la busara kuliko yote: kwamba kila mwalimu, awe wa hesabu au wa historia, ajione kuwa na dhima juu ya Kiingereza cha wanafunzi wake.

Ushauri wa miaka minne ulishika nguvu. Karibu karne moja baadaye, mwaka wa 1983, tume iliyowekwa na serikali ya Marekani ilitoa taarifa iitwayo *A Nation at Risk*, ikataka kila mhitimu awe amesoma Kiingereza miaka minne. Na hivyo ndivyo yatakavyo majimbo mengi hata sasa. Lakini ule ushauri wa pili, kwamba mzigo uwe wa walimu wote, haukushika. Mzigo ulibaki kwa mmoja.

IV. Mzigo wa Mwalimu

Mwaka wa 1890 wanafunzi wa shule za sekondari za umma Marekani walizidi kidogo 200,000. Mwaka wa 1910 walizidi 900,000, na mwaka wa 1930 walizidi 4,000,000. Wengi wao walikuwa watoto wa wafanya kazi, wa wakulima, na wa wahamiaji waliokuja kutoka nchi za Ulaya bila kujua Kiingereza, na wengi hawakukusudia kwenda chuoni kabisa. Walakini walisomeshwa kwa orodha ya chuo.

Walimu wakanung'unika, na mwezi wa Desemba mwaka wa 1911 wakakutana mjini Chicago na kuunda Baraza la Taifa la Walimu wa Kiingereza, kwa sehemu ili kupinga utawala wa vyuo juu ya shule. Rais wake wa kwanza alikuwa Fred Newton Scott wa Chuo Kikuu cha Michigan. Gazeti la baraza hilo, *The English Journal*, lilianza mwezi wa Januari mwaka wa 1912, na makala ya kwanza kabisa iliandikwa na Edwin Hopkins wa Kansas. Aliuliza kama uandishi wa insha waweza kufundishwa vyema kwa hali iliyokuwapo, akajibu papo hapo kuwa hauwezi.

Tufanye hesabu wenyewe. Mwalimu ana madarasa matano, na kila darasa lina watoto 25, jumla 125. Kila mmoja aandike insha moja kwa juma, na mwalimu aisome kwa dakika kumi tu. Hizo ni dakika 1,250, yaani karibu saa 21 kila juma, zaidi ya saa za kusimama darasani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wakubwa waliopanga masharti hawakuubeba.

Twaona kwamba hapa ndipo penye maana ya sharti linalochukiwa na vijana kuliko yote, la kuchelewesha kazi. Kijana hulitazama kama ukali wa bure: insha ni ile ile, leo au kesho. Lakini insha kumi zilizochelewa hazimfikii mwalimu kama insha kumi. Zamfikia zikiwa zimeangukia juu ya zile 125 za juma lifuatalo. Sharti hilo ni ukuta uliojengwa na mtu aliyechoka. Twaweza kumlaumu kwa urefu wa ukuta, lakini tusiseme kwamba hakuwa na sababu ya kuujenga. Na atakaye kuubomoa na aanze kwa kupunguza idadi ya watoto.

V. Saa na Alama

Sharti la mahudhurio lina asili mbili. Ya kwanza ni sheria: Massachusetts ilitunga sheria ya kuwalazimisha watoto kusoma mwaka wa 1852, na Mississippi, jimbo la mwisho kati ya yote yaliyokuwapo wakati ule, mwaka wa 1918. Ya pili ni ya ajabu zaidi, maana yatokana na malipo ya uzeeni ya watu wengine.

Mwaka wa 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola 10,000,000 ili walimu wa vyuo vikuu walipwe wazeekapo. Wenye kuisimamia fedha hiyo iliwabidi kuamua kipi ni chuo cha haki na kipi si chuo. Wakasema: chuo ni kile kinachomtaka aingiaye awe na vipimo 14 vya masomo ya sekondari, na kipimo kimoja kikahesabiwa kuwa saa 120 za somo moja katika mwaka. Vyuo vilitaka fedha, vikakubali. Shule zilitaka wanafunzi wao wapokewe vyuoni, zikafuata. Hivyo elimu ikapimwa kwa saa za kukaa kitini. Leo mtoto wa darasa la kumi na mbili akiambiwa ya kuwa atanyimwa hesabu ya somo kwa kukosa siku nyingi, ingawa amesoma vitabu vyote, ashikwa na kamba iliyosokotwa zamani kwa ajili ya wazee wa vyuo.

Na alama? Mwaka wa 1912 Daniel Starch na Edward Elliott walichukua karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza zilizoandikwa na wanafunzi wa sekondari, wakazipiga chapa na kuwapelekea walimu wa shule nyingi wazisahihishe, kila mmoja peke yake. Majibu 142 yakarudi. Karatasi moja ilipata 64 kwa mwalimu mmoja na 98 kwa mwingine. Ya pili ilishuka hata 50 na kupanda hata 97. Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule. Kwa mmoja mtoto ameshindwa, na kwa mwingine apaswa kupongezwa. Tangu hapo walimu wamejaribu kuweka mizani bora, kwa kuandika mbele mambo yatakayotazamwa na uzito wa kila jambo, na ndiyo maana waraka wa leo una majedwali marefu ya alama. Majedwali hayo hayaondoi hukumu ya mwanadamu, bali yamlazimisha aseme anahukumu nini, na hilo si jambo dogo kwa mtoto mwenye kungoja.

VI. Kiingereza cha Nani?

Kuna sharti moja ambalo waraka hulitaja kwa maneno machache tu: andika Kiingereza sanifu. Watoto wengi, hasa watoto wa Wamarekani weusi, huja shuleni na Kiingereza cha nyumbani chenye sarufi yake, ambacho kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa makosa matupu. Mwaka wa 1974 mkutano wa walimu wa uandishi wa vyuo, ulio tawi la lile Baraza la 1911, ulipitisha azimio la kutetea haki ya wanafunzi kwa lugha yao wenyewe. Mwaka wa 1979, katika shauri la watoto wa shule moja ya msingi mjini Ann Arbor, jimbo la Michigan, jaji Charles Joiner alihukumu kwamba wenye shule wanapaswa kuijali lugha ya nyumbani ya mtoto wamfundishapo kusoma.

Sisi tulio katika lugha ya Kiswahili hatuwezi kulitazama jambo hili kama wageni. Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka wa 1930, Kiunguja kiliwekwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu; na wenye Kimvita, lugha ya washairi wakubwa, walijikuta wakisahihishwa kwa wino mwekundu katika lugha ya baba zao. Lugha sanifu yafaa, maana bila hiyo kitabu cha Unguja kisingesomeka Tabora. Lakini mwalimu mwema husema, "Hivi ndivyo tuandikavyo katika insha", hasemi, "Mama yako hajui kusema." Tofauti ya maneno hayo ni ndogo, na mtoto huikumbuka maisha yake yote.

VII. Mtihani Mpya

Mwezi wa Novemba mwaka wa 2022 mtambo uitwao ChatGPT ulifunguliwa kwa watu wote. Mtambo huo huandika insha juu ya *Macbeth* kwa nukta chache, wala haukosei maendelezo wala vituo. Nyaraka za walimu zikaongezwa sharti jipya: wengine walikataza mtambo kabisa, wengine wakauruhusu kwa mipaka, na wengine wakarudi kwenye kalamu na karatasi, insha iandikwe darasani mbele ya macho ya mwalimu, kama ilivyokuwa katika chumba cha mtihani cha Harvard.

Je, huu nao ni wizi? Neno la Martial latatiza hapa, kwa kuwa hakuna mtu mmoja aliyetekwa ambaye twaweza kumtaja. Twadhani jibu lategemea tunasema insha ni kitu gani. Ikiwa insha ni ushuru wa kupita mlangoni, basi mtoto aliyeleta insha ya mtambo amelipa kwa fedha bandia, na kazi yetu ni kukagua fedha. Ikiwa insha ni mazoezi ya kufikiri, kama walivyokusudia wale waliokutana Vassar, basi aliyeibiwa ni mtoto mwenyewe, na hakuna mkaguzi awezaye kumrudishia.

Hapo ndipo ilipotufikisha historia hii. Masharti ya waraka hayakutoka mahali pamoja. Orodha ya vitabu ilitoka kwa walinzi wa mlango. Hesabu ya saa, kwa wenye kugawa fedha za uzeeni. Adhabu ya kuchelewa, kwa uchovu wa walimu. Majedwali ya alama, kwa aibu ya mwaka wa 1912. Si yote mabaya. Bali lililo la mlango na lihukumiwe kama kanuni ya mlango, lipungue mlango upanukapo. Lililo la malezi, yaani kusoma kitabu kikubwa hata mwisho, na kuandika wazo lako mwenyewe mpaka mwingine alielewe, hilo lisiguswe, hata likiwa gumu, hata kama mtambo waweza kulifanya upesi kutuliko sisi.

Mwalimu atakayesambaza waraka wake mwaka ujao, huko Marekani au huku kwetu, aweza kufanya jambo moja jepesi. Kando ya kila sharti aandike sababu yake kwa mstari mmoja. Lile ambalo hataliona sababu, alifute. Na wanafunzi wake, wazee wa shule, watayasoma yaliyobaki wakijua kwamba yamewekwa kwa ajili yao.